Muhogo mtamu wa Ukerewe ukiwa mchungu Kwimba

Msomaji mmoja, mama wa watoto watatu anayeishi karibu na Ngudu, wilayani Kwimba, ameandika hivi:

"Shikamoo mtaalamu. Mama mkwe wangu yuko Ukerewe. Alinipa vipande vya muhogo ambao kwao wanautafuna hata mbichi, mtamu kabisa. Nikaupanda huku kwetu kwenye udongo wa kichanga. Msimu huu mvua zilikatika mapema, na nilipochimba nikakuta mingine ni michungu, hasa upande wa juu karibu na shina. Niliichemsha hivyo hivyo. Usiku mwanangu wa miaka mitano akalalamika kichwa na kizunguzungu, akatapika. Asubuhi akaamka mzima. Je, mbegu imebadilika? Majirani wanasema niing'oe yote. Nina pia muhogo wa kwetu mchungu tunaofanyia udaga, yaani tunauvundika kisha tunauanika, na mwingine wa njano niliopewa na jamaa wa Sengerema. Nile upi, niache upi?"

Marahaba mama, na pole sana. Nianze na mtoto kabla ya shamba. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kutapika saa chache baada ya kula muhogo mchungu uliochemshwa ni dalili zinazolingana na sumu ya sianidi, ambayo hutoka kwenye muhogo wenyewe. Inaelekea mwili wake ulipata kiasi ulichoweza kukimudu, ndiyo maana asubuhi aliamka salama. Siku nyingine ukiziona dalili hizo usisubiri kupambazuke. Mtoto anayepumua haraka haraka, anayelegea, anayechanganyikiwa au anayepata degedege baada ya kula muhogo apelekwe kituo cha afya usiku huohuo, na useme wazi kwamba amekula muhogo, saa ngapi na kiasi gani. Dawa za kuondoa sianidi mwilini zipo, kama haidroksokobalamini na thiosalfeti ya sodiamu, na oksijeni nayo husaidia, lakini zote zinamfaa aliyewahi kufika. Maziwa, ambayo watu wengi huyakimbilia, si dawa ya sumu hii. Yanakupotezea muda.

Sasa shamba. Mbegu yako haijabadilika. Muhogo tunaupanda kwa kipande cha shina, kwa hiyo mmea wako wa Ngudu una urithi uleule wa mmea wa mama mkwe wako, hauna baba mwingine aliyeingilia kati. Kilichobadilika ni maisha ambayo mmea huo umeishi. Ili nikueleze vizuri inabidi tuingie kidogo ndani ya muhogo.

Hakuna muhogo usio na sumu hii kabisa, hata ule unaotafunwa mbichi. Muhogo wote, mtamu kwa mchungu, hutengeneza kemikali mbili zenye sianidi iliyofungwa ndani yake: linamarini, ambayo ni zaidi ya asilimia 90 ya jumla, na lotostralini, ambayo ndiyo kiasi kinachobaki. Zinatengenezwa hasa kwenye majani kutokana na asidi amino mbili, valini na isolusini, kisha zinateremka mpaka mizizini. Humo ndani ya mzizi, linamarini imehifadhiwa kwenye kifuko ndani ya seli, na kimeng'enya cha kuivunja, kiitwacho linamarasi, kiko nje kidogo, kwenye ukuta wa seli. Ni kama njiti na ubavu wa kiberiti: maadamu havijasuguana hakuna moto. Panya akiung'ata mzizi, au wewe ukiukwangua, ukiutwanga au ukiutafuna, seli zinapasuka, viwili hivyo vinakutana, na linamarini inavunjika kuwa sukari na kitu kingine ambacho baada ya muda mfupi kinaachia sianidi ya hidrojeni pamoja na asetoni.

Sianidi hiyo ya hidrojeni huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi za Selsiasi. Kwa jua la mchana la huku kwetu inapaa yenyewe kuwa hewa. Kwa hiyo sianidi ikishaachiwa si vigumu kuiondoa. Iliyo ngumu ni linamarini ambayo haijavunjika. Hiyo haipai, wala haiogopi moto: unaweza kuukaanga au kuuchoma muhogo na yenyewe ikabaki. Tena kimeng'enya kinachotakiwa kuivunja hufa mapema, maji yakifika nyuzijoto 70 na kitu. Kwa hiyo muhogo mchungu uliotumbukizwa moja kwa moja kwenye maji yanayotokota, au kwenye mafuta ya moto, au uliowekwa juu ya jiko la mkaa, unapoteza msaidizi wake kabla hajafanya kazi. Nadhani hicho ndicho kilichotokea jikoni kwako.

Tofauti kati ya muhogo na muhogo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa kawaida muhogo huitwa mtamu ukiwa na chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kila kilo ya mzizi mbichi, na kuanzia hapo kwenda juu huitwa mchungu. Iko yenye miligramu 15 tu, iko yenye 400, na katika hali mbaya imepimwa hata zaidi ya hapo. Yote hiyo ni spishi moja, Manihot esculenta, iliyotoka Amerika Kusini na kuletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Hakuna mpaka kati ya mitamu na michungu. Ni ngazi ndefu, na kila mbegu ina vidato vyake kwenye ngazi hiyo. Mbegu inaamua vidato. Mvua na udongo vinaamua msimu huu utasimama kwenye kipi.

Ukerewe inapata mvua nyingi kuliko Kwimba. Wewe umepanda kwenye luseni, ule mchanga wa mtelemkoni usioshika maji wala mbolea, na mvua zikakatika. Mmea wa muhogo ukipata kiu hupunguza kukua, lakini linamarini haipungui kwa kiasi hicho, nayo hurundikana. Mwaka wa ukame sianidi inaweza kupanda mara mbili au tatu kwa mbegu ileile, shamba lilelile. Ule wa Ukerewe uliokuwa na miligramu 35, kwa mfano, ukipanda mara tatu unakuwa na 105, na hapo umeshavuka mpaka wa mitamu bila kubadilika jina. Upungufu wa potasiamu nao umehusishwa na sianidi kupanda, na mchanga uliolimwa miaka mingi bila kurudishiwa kitu mara nyingi una upungufu huo. Majivu ya jikoni yana potasiamu, na ningeyapeleka shambani kuliko kuyatupa.

Jambo hili si dogo, na kanda yetu inalijua kwa uchungu. Mwaka 1985 wilayani Tarime, mkoani Mara, watu walipata ugonjwa uitwao konzo: miguu inakakamaa ghafla, mara nyingine kati ya kulala na kuamka, na haipati kupona tena. Unawashika zaidi watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Ulikuja wakati wa ukame, chakula kikiwa haba, muhogo mchungu ukiwa karibu ndio peke yake mezani, na watu wakiuandaa haraka haraka kwa sababu njaa haina subira. Miaka minne kabla, mwaka 1981, mkoa wa Nampula huko Msumbiji ulikuwa umepata janga la namna hiyohiyo, na waliopooza walizidi 1,000. Na karibu zaidi na siku zetu, Septemba 2017, wilayani Kasese magharibi mwa Uganda, unga wa muhogo wenye sianidi nyingi uliwadhuru watu 98, wawili wakafariki. Wakulima wa Tarime na Nampula wanaujua muhogo kama wewe na mimi. Hali ilibadilika chini ya miguu yao, na desturi iliyowalinda miaka yote ikafupishwa.

Umesema uchungu uko hasa upande wa juu. Umeona sawasawa. Ndani ya mzizi mmoja sianidi haijatandazwa sawa: mara nyingi ni nyingi zaidi upande wa shinani kuliko kwenye ncha, na ganda lina nyingi kuliko nyama. Hata mizizi miwili ya shina moja haifanani. Tunapopima kwa karatasi za pikireti, ambazo hubadilika rangi zikipatwa na sianidi, hilo linaonekana kwa macho. Unakata kipande chembamba cha muhogo, unakitia kwenye kichupa pamoja na kimeng'enya na tone la maji, unaning'iniza juu yake kikaratasi cha njano, unafunga na kukiacha mpaka kesho yake. Kikaratasi cha muhogo mtamu kinabaki njano au kinakuwa cha machungwa kidogo. Cha muhogo mchungu kinageuka kahawia kama tofali la kuchoma. Ukivipanga vipande vya mzizi mmoja, kutoka shinani hadi nchani, unaweza kuona rangi ikififia hatua kwa hatua. Ndiyo sababu ninasema kuonja ncha peke yake ni kujidanganya. Onja upande wa juu, kipande kidogo tu, karibu na ganda, kisha uteme.

Ulimi wenyewe tuutegemee kiasi gani? Ukikuambia muhogo ni mchungu, uamini bila ubishi. Linamarini yenyewe ni chungu, na wakulima wakionja huwa hawako mbali na maabara. Ukikuambia ni mtamu, hapo uwe na tahadhari, hasa mwaka wa jua kali, kwa sababu sukari iliyomo kwenye mzizi inaweza kuufunika uchungu, na tena kuna kemikali nyingine zinazochangia uchungu ambazo hazina sianidi. Alama za rangi nazo zina mipaka. Kila kijiji kina zake: huku watasema kikonyo chekundu ndio mchungu, kule ganda jeupe ndio mtamu. Alama hizo ni za kweli kwa mbegu za kijiji hicho, kwa sababu watu wanaitambua mbegu kwa sura halafu wanajua tabia yake. Ukihama na alama kwenda wilaya nyingine inaweza kukupotosha, maana rangi ya kikonyo haitengenezi sianidi.

Nikupigie hesabu ya sahani ya mwanao, ili uone kwa nini ninasisitiza. Tuseme muhogo ule ulikuwa na miligramu 100 kwa kilo, na kuchemsha kukaondoa nusu. Zimebaki 50. Mtoto wa kilo 16 akila gramu 320, ambayo ni sahani ya kawaida kwa mtoto mwenye njaa, amekula miligramu 16, yaani moja kwa kila kilo ya mwili wake. Kiasi kinachoweza kuua ni kati ya nusu miligramu na tatu na nusu kwa kila kilo ya mwili. Bahati ni kwamba linamarini isiyovunjika haiachii sianidi yake yote tumboni, nyingine hupita na kutoka kwenye mkojo. Lakini hiyo ni bahati, na mimi singependa mtoto alindwe nayo.

Kwa hiyo muhogo wa Ukerewe uliobaki shambani uhesabu kuwa mchungu kwa msimu huu. Usiuchemshe kwa chai, usiuchome, usiukaange, uingize kwenye udaga pamoja na ule wa kwenu. Mvua zikirudi vizuri, mizizi ya msimu ujao inaweza kurudi kwenye utamu wake, utaonja upya. Hata siku utakapourudia kuuchemsha, menya ganda lote, lile jembamba la nje na lile nene jeupe la ndani, kata vipande vidogo, anza na maji ya baridi mengi, acha sufuria wazi na umwage maji hayo. Vipande vidogo sana huweza kupoteza robo tatu ya sianidi, ilhali mapande makubwa kama tunavyopenda kuyaona mezani hupoteza robo tu. Kuanza na maji ya baridi kunakipa kimeng'enya nafasi ya kufanya kazi kabla joto halijakiua.

Majirani wanaokuambia ung'oe michungu yote sikubaliani nao. Michungu ina sababu ya kuwepo, na wazee hawakuipanda kwa kutojua. Nguruwe pori, nyani na panya huishambulia mitamu kwanza. Mwizi naye hawezi kung'oa muhogo mchungu usiku akautafuna njiani. Ndiyo maana katika familia nyingi mtamu uko karibu na nyumba na mchungu uko shamba la mbali, na unaweza kukaa ardhini muda mrefu kama benki ya njaa. Huko Malawi wakulima, hasa wanawake, wamewaeleza watafiti sababu hizo hizo. Na Watukano wa Amazoni, mpakani mwa Kolombia na Brazili, kwenye bara la asili ya zao lenyewe, wana mbegu za aina nyingi sana, na nyingi wanazozithamini ni michungu, kwa sababu wana ufundi wa kuusafisha. Sehemu ambayo mchungu una hatari ni pale mbegu inapobaki na ufundi ukapotea. Mtu akihamia mjini Mwanza, akapewa gunia la michungu na ndugu zake, akaila kama mitamu, huyo ndiye ninayemwogopea.

Tuje kwenye udaga na makopa, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa nia njema. Makopa ni muhogo uliomenywa, ukapasuliwa na kuanikwa juani bila kuvundikwa wala kulowekwa. Kuanika peke yake huacha robo hadi theluthi ya sianidi. Inasikika kama kidogo, mpaka ukumbuke kwamba maji nayo yametoka. Kilo moja ya muhogo mbichi inatoa kama gramu 350 za unga. Muhogo wenye miligramu 100 ukibakiza 30, hizo 30 sasa zimejikusanya kwenye gramu 350, sawa na miligramu 85 hivi kwa kila kilo ya unga. Kiwango cha kimataifa kilichokubaliwa na FAO pamoja na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10. Umezidi mara nane. Makopa yafanywe kwa muhogo ulio mtamu kweli tu.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: vipande vyembamba vinavyokauka siku moja vinaweza kubaki na sianidi nyingi kuliko mapande manene yanayokauka taratibu. Kimeng'enya kinahitaji unyevu ili kifanye kazi. Muhogo ukikauka upesi, kinasimama, na linamarini inabaki imefungwa humo hadi kwenye ugali. Kukausha haraka ni kuzuri kwa kuzuia ukungu, lakini si kwa muhogo mchungu ambao haujalowekwa.

Kuvundika, yaani kuurundika muhogo uliomenywa na kuufunika kwa majani siku kadhaa mpaka uote ukungu na kulainika, kisha kukwangua na kuanika, ni bora kuliko makopa. Unabaki na karibu sehemu ya saba ya sianidi. Kwa mfano wetu wa miligramu 100 unapata unga wenye 40 na ushee, ambao bado haujafika. Njia ninayoipenda kuliko zote ni kuloweka kwenye maji: umenye, ukate, uzamishe kwenye ndoo au pipa siku tatu hadi tano mpaka vidole viingie bila nguvu. Bakteria wanalainisha kuta za seli, kimeng'enya kinaifikia linamarini yote, na maji yanaichukua. Kisha ponda, kamua, anika. Ukifanya vizuri inaondoka zaidi ya asilimia 90, mara nyingi hata 95. Najua kwa Ngudu maji ni shida kuliko Ukerewe, ndiyo maana wengi wenu mnavundika. Ukiweza kupata maji, loweka. Ukiwa na haraka, ile siku ya nne usiiibe: muhogo ambao katikati bado ni mgumu haujamaliza, urudishe.

Na kama unga umeshasagwa na huna hakika nao, uwe wako au wa sokoni, kuna njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Weka unga kwenye bakuli, weka alama ndani ya bakuli mahali unga unapoishia. Mimina maji huku ukikoroga. Unga utashuka chini ya alama, endelea kidogo kidogo mpaka urudi kwenye alama ileile. Sasa tandaza unga huo mbichi kwenye ungo au mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha songa ugali wako siku hiyohiyo. Kimeng'enya kilichokuwa kimelala kwenye unga mkavu kinaamka kikipata maji, kinamalizia kazi, na hewa inaondoka. Sianidi hushuka hadi theluthi, au hata sehemu ya sita, ya ile ya mwanzo. Hakuna kifaa cha kununua, na ladha ya ugali haiharibiki. Ningependa kila nyumba inayokula ugali wa muhogo kanda hii iijue njia hii kama inavyojua kuosha mchele.

Kisamvu nacho kisisahauliwe, kwa sababu majani yana sianidi nyingi kuliko mizizi. Bahati nzuri mapishi yetu yanafaa: kutwanga kunaipasua seli, na majani yana kimeng'enya kingi. Twanga mpaka kilainike kabisa, kiache kidogo kabla ya kukiinjika, chemsha bila kufunika, kisha ndipo utie karanga. Mbuzi wasiachiwe kula majani mabichi ya michungu.

Ule wa njano wa Sengerema ni habari nyingine. Njano hiyo ni betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ileile iliyomo kwenye viazi lishe. Muhogo mweupe karibu hauna kabisa. Kwa mtoto wa miaka mitano ni chakula kizuri kuwa nacho. Ila njano haisemi lolote kuhusu sianidi. Ziko njano tamu na njano chungu, kwa hiyo uonje kama mwingine wowote. Ukiwa mtamu, uchemshe na uule hivyo, usiuanike: jua linaua sehemu kubwa ya betakarotini, na udaga wa njano uliokaa stoo miezi hauna faida uliyoitafuta. Muhogo wenye karotini nyingi huwa pia unachelewa kidogo kuharibika ukishachimbwa. Ile michirizi ya bluu na nyeusi inayotokea ndani siku ya pili au ya tatu ni mzizi wenyewe ukijibu jeraha la kuchimbwa. Hutengeneza kitu kiitwacho skopoletini, ambacho ukikimulika kwa taa ya miali ya urujuanimno kinang'aa bluu. Usiichanganye na madoa makavu ya kahawia unayoyakuta siku hiyohiyo ya kuchimba. Hayo ni michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi.

Tofauti nyingine kati ya mbegu zako ni wanga. Ule unaofumuka ukichemka una ukavu mwingi, ule unaobaki mgumu na wa majimaji una maji mengi zaidi. Hilo ni la ladha na la uzito wa unga, halihusiani na usalama.

Kuhusu kitoweo: mwili huigeuza sianidi ndogo ndogo kuwa thiosayaneti na kuitoa kwenye mkojo, na kwa kazi hiyo unahitaji salfa inayotoka kwenye protini. Nguvu ya muhogo kuwadhuru watu wa ziwani ingekuwa kubwa zaidi kama si dagaa. Konzo huwapata wanaokula muhogo na karibu hakuna kingine. Kwa hiyo ugali wa udaga usiusindikize na mboga za majani peke yake siku baada ya siku. Dagaa wakavu wa soko la Mwaloni, Mwanza, wanafika mpaka Ngudu, hata kiganja kimoja kwenye mchuzi wa mtoto kinafanya kazi. Tena tumia chumvi yenye madini joto, kwa sababu hiyo thiosayaneti huizuia tezi ya shingoni kupata iodini.

La mwisho ni mbegu zenyewe. Upendo wa mama mkwe ni mkubwa, lakini kusafirisha vipande kutoka wilaya moja kwenda nyingine ndiyo njia ambayo magonjwa ya virusi ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia, yanasafiri. Kipande kinaweza kuonekana kizima na virusi vimo. Kabla ya kupanda tena, kagua shamba: majani yaliyokunjamana yenye mabaka ya njano, shina lenye michirizi, mizizi yenye madoa ya kahawia. Mimea hiyo ing'oe na usichukue kipande chake. Kisha muone ofisa ugani wa kata, au nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru pale Misungwi, si mbali na wewe, uulize kuhusu mbegu safi zilizotolewa kwa ajili ya Kanda ya Ziwa, kama Mkombozi na Meremeta. Ukiulizia, usiishie kwenye mavuno na ugonjwa. Uliza pia: sianidi yake imepimwa ni kiasi gani, ilipimwa mwaka wa mvua au wa jua, na ilipimwa kwenye udongo wa namna gani? Kwa udongo wako na mvua zako, jibu hilo lina uzito kuliko jina la mbegu.